Mabawa Ndani ya Feni

Kanoni, Karagwe
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu Salimu,

Shikamoo. Najua ukiutambua mwandiko huu mkono wako utataka kuiweka barua chini ya lile kopo la misumari, pamoja na karatasi zote usizotaka kuzisoma. Usiiweke. Isome mpaka mwisho, kisha ukitaka kaifukie. Mgongo wako unaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu ya wifi kwamba mwezi uliopita ulishindwa hata kuinama ufunge viatu. Umekwenda kuonwa, au unaendelea kujisugua mafuta ya karafuu na kutangaza kwamba umepona? Na kifua cha Mama kimepungua kukoroma? Sisi huku leo ni wazima. Jumamosi sikuwa na uhakika huo, na ndiyo maana nakuandikia.

Jumamosi ile nilikupigia simu mara tatu. Jumapili mara nne. Simu yako iliita, kaka, haikuwa imezimwa. Iliita mpaka ikajikatia. Sikukulaumu sana, maana maneno yako ya stendi ya Tanga nayakumbuka yote, miaka sita sasa. Mimi nimembeba Rehema mgongoni, mume wangu Jaffari anapakia mabegi, wewe umesimama na ovaroli yako yenye madoa ya oili, ukaniambia, "Nenda. Lakini kikiharibika kitu huko, usinipigie mimi." Basi kiliharibika kitu, nikakupigia. Ulitimiza ahadi yako.

Sasa nikueleze kilichoharibika. Ni friji.

Najua hapo umecheka. Cheka, lakini endelea kusoma, maana humo ndani ya friji ndimo mlimokuwa na dawa ya Rehema. Nadhani Mama alikuambia kwamba mtoto ana kisukari tangu mwaka juzi. Si kile cha watu wazima cha kuacha sukari kwenye chai. Chake kinataka sindano ya insulini asubuhi na jioni, kila siku, na siku akikosa ni kumkimbiza hospitali. Kwa kuwa barabara zetu msimu wa mvua hazina dini, kliniki huwa inatupa chupa za kutosha miezi miwili kwa pamoja. Safari hii tulipewa sita. Moja tunayoitumia inakaa kwenye chungu kilichowekwa ndani ya mchanga uliolowa, kama tulivyofundishwa na nesi, na inavumilia vizuri tu, maana huku ni baridi. Tano za akiba zilikuwa kwenye friji, rafu ya katikati, ndani ya kikopo cha siagi alichokiandika Rehema mwenyewe kwa kalamu nyekundu: DAWA YANGU MSIGUSE.

Wakagusa. Lakini ngoja, nianzie Alhamisi.

Alhamisi usiku senene walianguka. Wewe hujawahi kuona kitu hicho, na mimi mwaka wa kwanza nilijifungia chumbani. Ni panzi wa kijani, wanashuka na mvua ya Novemba kwa maelfu, na watu wa huku wakiwaona ni kama Idi imewahi kufika. Kila mtu na ndoo. Asubuhi yake wanawake wanakaa jikoni kunyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja, mpaka vidole vinageuka kijani, halafu wanakaangwa. Mke anayemkaangia mumewe senene wazuri hununuliwa kanga. Mimi nilianza kuwala mwaka wa pili kwa ajili ya adabu, mwaka wa tatu kwa ajili ya utamu, na sasa nikikuona unakunja uso nitakuona mshamba.

Ijumaa nilikuwa na sare kumi na mbili za shule za kumalizia kushona, za watu wa Kituntu. Mama mkwe wangu alinyonyoa ndoo yake, akamaliza, akanitazama mimi na beseni langu bado linarukaruka. "Mama Rehema," akasema, "hao hawakai wakiwa na mabawa. Wanyonyoe kwanza." Nikamwambia, ndiyo Mama, nikimaliza mkono huu wa shati. Nikamaliza mkono, nikaanza kola. Kisha nikachukua beseni zima, wazima wazima, nikalisukuma juu kwenye friza bila kulifunika, nikasema nitawanyonyoa Jumapili. Likumbuke beseni hilo. Mimi nililisahau.

Jumamosi nilidamka nikapeleka sare Kituntu. Kurudi ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Nikamkuta Mama mkwe amekaa mlangoni na kanga yake amejifunga vizuri, amefurahi kama mtu aliyekomboa kitu. Akaniambia asubuhi alifungua friji kutoa maziwa akakuta rafu za chini zina joto, maziwa yameganda vibaya. Juu kwenye friza kulikuwa na barafu tele. Basi akaona dawa ya mjukuu itaharibika, akaitoa, akaipandisha juu. "Nimeiegemeza kule nyuma kabisa, penye barafu nyingi," akasema. "Imepoa vizuri, waitu." Ndivyo huku wanavyomwita mtu wao wa karibu.

Kaka, sikungoja amalize. Nilikwenda mbio jikoni na kapu langu bado begani. Chupa tano, zote zimekuwa jiwe. Nesi alituambia siku ya kwanza, akarudia siku ya pili: insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikawa safi kama maji, usimchome mtoto. Nikazipanga mezani moja moja. Mama mkwe akaja nyuma yangu. Aliuona uso wangu akajua, akakaa chini pale pale sakafuni.

Sitakuficha, nilisema maneno. Nilisema, "Kumeandikwa msiguse, Mama, mtoto mwenyewe ameandika." Mama mkwe hajui kusoma, na mimi nalijua hilo. Nililisema makusudi. Akainamisha kichwa. Rehema alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote.

Nikampigia nesi. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Akauliza chupa ya chunguni imebaki kiasi gani. Nikamwambia ya siku nane, labda tisa. Akasema mzigo mpya haujulikani utafika lini, yeye ana chupa mbili za dharura, na anaweza kumpa Rehema. "Lakini Mama Rehema," akasema, "siwezi kuzitoa ziende kwenye friji lililoua tano, na chungu ni cha chupa inayotumika tu. Una kile kipimajoto kidogo nilichokupa? Kiweke ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati. Kikisoma kati ya mbili na nane na kikatulia hapo, njoo Jumatatu uchukue."

Kisha nikampigia Jaffari. Yeye siku za kazi yuko Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ndiko liliko duka lake, na huja nyumbani mwisho wa juma barabara ikimruhusu. Juma lile haikumruhusu. Nilimweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanaidi, hatuwezi kuendelea hivi. Jumatatu nakuja na gari. Kama hilo friji halijapona, Rehema namhamishia Bukoba kwa shangazi. Kule umeme upo, friji zuri lipo, hospitali ni hatua mbili. Atasomea huko."

Nikamuuliza, mpaka lini.

"Mpaka akue," akasema.

Hakuwa na ukatili, kaka, usimfikirie vibaya. Aliogopa. Lakini mtoto ana miaka minane. Anajua kujichoma sindano mwenyewe, ila hawezi kulala bila kunishika sikio. Bukoba atamshika nani sikio? Nilimpa simu Mama mkwe wazungumze, nikatoka nje, nikasimama migombani nikalia mpaka nikashiba. Aliponirudishia simu ndipo nilipokupigia mara ya kwanza.

Hukupokea. Nikamwita fundi wa Kayanga. Alifika kabla ya magharibi kwa pikipiki, kijana mwenye begi kubwa na simu mbili. Akaligusa friji mgongoni, akaweka sikio kama daktari, akasema gesi imeisha, alipakie kwenye gari alipeleke mjini, nimpe wiki moja. Nikamwambia, "Gesi ikiwa imeisha, hii barafu ya juu imetoka wapi?" Akanitazama. "Fungua friza usikilize," nikamwambia. "Kompresa inanguruma, lakini feni ya ndani haisikiki. Baridi ipo, haina wa kuisukuma kwenda chini."

Wewe unayajua haya, lakini najua wifi Tatu anasoma begani kwako, basi namwelezea yeye: friji la aina hii lina feni moja ndogo, imejificha nyuma ya ukuta wa plastiki kule kwenye friza. Baridi yote inatengenezwa huko nyuma, na hiyo feni ndiyo inayoipuliza juu na chini. Feni ikifa, juu kunaganda, chini kunachacha. Ndiyo maana Mama mkwe alikuta alichokikuta. Ndiyo maana alifanya alichofanya.

Fundi akacheka kidogo. "Mama, wewe nawe ni fundi?"

"Baba yangu alikuwa fundi," nikamjibu, "na kaka yangu ni fundi, na mimi nilifungua mafriji kabla wewe hujaota meno."

Kijana akaona haya, akakasirika. Akafunga begi lake. Akasema yeye feni hauzi, ila nyuma ya karakana yake kuna mafriji chakavu, kama najua sana niende mwenyewe nikachokore. Alisema kwa kunikomoa. Mimi nikamwambia, saa ngapi unafungua?

Jumapili saa mbili asubuhi nilikuwa Kayanga, nimeinama kwenye rundo la mafriji yaliyokufa, kunguru ananitazama. Kijana alikuja na chai yake akasimama pembeni. Friji la nne ndilo lililokuwa na mota ya umeme wa ukutani kama yangu, muhimili unazunguka laini, harufu ya kuungua hakuna. Niliijaribu kwa tesa yake ya kupimia umeme, akanishikia waya mwenyewe bila kuombwa. Tulipomaliza akaniazima bisibisi ya nyota na koleo. Wala hakutaka chochote. Akasema tu, "Ukishindwa, niite." Nilimwona mtu mzuri kuliko nilivyomdhania jana yake.

Nilirudi nikamkuta Mama mkwe ameshafunga begi la Rehema. Liko mlangoni, juu yake lile sweta lake la kijani. Sikumuuliza kwa nini. Alikuwa ameshakata tamaa, na mtu akikata tamaa hutafuta kazi ya mikono.

Nikachomoa waya wa friji ukutani. Nikatoa kila kitu, na beseni langu la senene nikaliweka nje bila kulitazama. Ukuta wa plastiki ulikuwa umeshikwa na barafu nene kama kiganja. Nikachemsha maji, nikaweka sufuria ndani ya friza, nikafunga mlango. Dakika tano tu, Mama mkwe akaja na kisu cha kumenyea ndizi, amekishika kwa mikono miwili. "Nikusaidie kupasua," akasema.

"Mama, weka kisu chini," nikamwambia. Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. Nilikumbuka friji la yule mama wa mikate, kaka. Unalikumbuka na wewe. Uliharakisha barafu kwa bisibisi, ukatoboa bomba, gesi ikatoka fyuu mpaka ikaisha, na Baba alipoingia ukaninyooshea kidole mimi. Nililipia kosa lako kwa wiki nzima ya kufagia karakana na sikusema. Leo nasema, kwa sababu utaona huko mbele kwamba mimi pia si msafi.

Sufuria nne za maji ya moto zilipita. Saa saba kasoro barafu ikaachia, nikatoa skrubu, mbili zimeshika kutu, moja ikanikata kidole. Nikauvuta ukuta. Ukaja.

Feni ilikuwa imejaa mabawa, kaka. Mabawa ya senene na vipande vya miguu, yamesokotana kuzunguka muhimili, yamelowa, yameganda, yamelowa tena, mpaka feni imekabwa kabisa. Mota ilikuwa nyeusi upande mmoja, inanuka. Ilihangaika kuzunguka mpaka ikaungua. Beseni langu lilikuwa wazi, senene wakafa kwa baridi, mabawa yao makavu yakaanza kupeperuka ndani ya friza, na feni inavuta hewa kupitia tundu la chini yake. Ikayavuta moja moja usiku kucha.

Mama mkwe aliinama akachomoa bawa moja. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Yeye wake wote alikuwa amewanyonyoa.

Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Uliniambia niwanyonyoe kwanza, sikukusikia. Dawa uliigandisha wewe, lakini friji nililiua mimi. Na jana nilikutukana kwa kutojua kusoma. Nisamehe."

Nilingoja anipe haki yangu, maana yule mama ana ulimi, si mchezo. Akasema, "Begi la mtoto nimelifunga mimi. Litengeneze hilo friji nilifungue." Akaenda kuniletea taa ya simu animulikie.

Nikakata waya mbili, nikatoa mota iliyoungua. Mota mpya ilikaa kwenye tundu zake vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikahamisha panga za feni ya zamani nikazivika kwenye muhimili mpya, nikaunga waya, nikafunga tepu, nikarudisha ukuta. Nikachomeka umeme. Nikakibonyeza kwa kidole kile kitufe cha mlangoni ili friji lidhani limefungwa. Nikasikia feni inazunguka. Mama mkwe akasema alhamdulillah. Mimi sikuamini bado, maana Baba alitufundisha kwamba kuzunguka peke yake hakutoshi. Yeye alikuwa akishika kipande cha karatasi ya sigara mbele ya tundu la kupeleka baridi kwenye rafu za chini, aone kinasukumwa au kinavutwa. Karatasi ya sigara sikuwa nayo. Nikachukua bawa la senene, nikaliweka kwenye ncha ya kidole mbele ya tundu.

Bawa likanyonywa, likabandika kwenye tundu. Lilitakiwa lirushwe nje.

Mota ile ilikuwa inazunguka kinyume. Inavuta hewa ya joto kutoka chini na kuirudisha juu, na hapo hata ungengoja mwezi mzima rafu ya dawa isingepoa. Saa ilikuwa tisa na nusu. Jumatatu Jaffari angefika saa nne asubuhi. Kayanga ningerudi, lakini katika rundo lile sikuona mota nyingine iliyo hai. Nilitoka nje nikakupigia mara ya saba. Nilisimama pale kwenye mgomba wa pembeni ambako mtandao hushika vizuri, nikasema kimoyomoyo, pokea, Salimu, usiseme neno, niambie tu Baba alifanyaje lile friji la hoteli lililokuwa linavuta kinyume. Simu ikaita. Rehema alikuwa amenifuata. Akauliza, "Unampigia mjomba wa mafriji?"

Nikamwambia ndiyo.

"Hapokei?"

"Yuko kazini," nikamwambia.

"Leo Jumapili," akasema, akarudi ndani.

Nilikuchukia dakika ile. Naandika wazi kwa sababu imeshapita. Nilikuchukia, halafu nikakaa kwenye gogo na kujilazimisha kukumbuka mwenyewe. Nikakumbuka mkono wa Baba, ule wenye kidole kilichopinda. Wewe ulishika tochi, mimi nilishika kifuniko cha chupa chenye skrubu nisizipoteze. Aliifungua mota, skrubu mbili tu, akautoa muhimili mzima, akaugeuza, akauingiza kwa upande wa pili. Akasema, "Umeme haujui mbele na nyuma, wanangu. Ninyi ndio mnaujulisha." Ukamuuliza kama tuandike. Akasema andikeni kichwani.

Nikarudi ndani. Nikachomoa umeme, nikafungua ukuta upya, nikaifungua mota juu ya meza ya kukatia vitambaa. Skrubu moja ikaanguka, Rehema akaipata chini ya cherehani. Nikampa kifuniko cha chupa. Nikamwambia kazi yako ni hiyo, skrubu zikae humo. Akakaa akazilinda. Nikautoa muhimili, nikaugeuza, nikaurudisha kwa upande wa pili, tone la mafuta ya cherehani huku na huku. Nikafunga kila kitu. Nikachomeka. Nikabonyeza kitufe. Nikaweka bawa mbele ya tundu.

Likaruka. Likapita mbele ya uso wangu likaenda kutua kwenye kanga ya Mama mkwe, pajani. Wote watatu tukalitazama. Kisha Mama mkwe akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, na Rehema akauliza kama sasa anaweza kuziachia skrubu.

Lakini kazi haikuwa imeisha, maana nesi hakutaka bawa, alitaka namba. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi. Magharibi kilisoma kumi na sita. Baada ya swala ya isha, kumi na moja. Nilikataza mlango usifunguliwe na mtu yeyote, Mama mkwe akaweka kiti chake mbele ya friji akakaa na tasbihi kama askari. Alfajiri tulifungua pamoja. Kipimajoto kilisoma tano. Saa moja, tano. Saa tatu, tano.

Jaffari alifika saa nne na nusu, viatu vimejaa tope la Kyerwa. Akaliona begi mlangoni akaliinua moja kwa moja, hata salamu alikuwa hajamaliza. Mama yake akamwambia, "Weka chini." Jaffari akasema, "Mama, tulishakubaliana." Yule mama akamshika mkono akampeleka mpaka jikoni, akafungua mlango, akamwonyesha glasi. "Friji lilikuwa linaumwa," akamwambia. "Mkeo amelitibu." Jaffari akauliza liliumwa nini. Mimi nikafungua mdomo nikiri. Mama mkwe akanitangulia, akasema, "Uzee," akafunga mlango wa friji.

Mchana tulikwenda wote kwa nesi. Alisoma namba nilizoandika, akatupa chupa mbili, akasema mzigo mpya ukija atanipigia. Begi lilifunguliwa jioni. Sweta la kijani Rehema amelivaa mpaka leo, hataki livuliwe, sijui kwa nini. Kikopo cha siagi kimerudi kwenye rafu ya katikati. Maandishi ameyaacha, ila pembeni amechora kichwa cha bibi yake kimekatwa mstari, na bibi mwenyewe anaona ni sifa. Jaffari usiku ule nilimweleza ukweli wote. Akaniuliza kama senene wale bado wanalika.

Haya ndiyo yaliyotokea. Na hii barua inakuja na kifurushi, nimempa mke wa dereva wa basi anayekuja huko. Ndani kuna kopo la senene, wamekaangwa na Mama mkwe, wamenyonyolewa vizuri, usiogope. Na kuna ile mota iliyoungua. Sikuisafisha. Mabawa yamo kama nilivyoyakuta, ili ulione kosa langu kwa macho yako. Itazame uniambie kama inaweza kusukwa waya upya, maana wewe kwa kusuka mota unamshinda hata Baba, na mimi nilijua hivyo siku zote na sikuwahi kukuambia.

Kuna jingine sikuwahi kukuambia. Baba alipotuachia ile karakana alituachia wawili. Nilikuahidi tutaifungua pamoja kila asubuhi, kisha nikaolewa, na Jaffari alipoitwa nyumbani nikakuarifu siku tatu kabla ya safari, nikiwa nimeshakata tiketi. Niliogopa uso wako, ndiyo maana nilichelewa. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Miaka sita ni mingi, lakini haki ulikuwa nayo. Nisamehe, kaka.

Nisalimie Mama, mwambie namwombea kifua, na yale majani ya kuchemsha nimeyaweka chini ya kopo la senene. Msalimie wifi Tatu, mwenye subira ya kuishi nawe. Wasalimie mapacha wenu ambao sijawaona, na shangazi wa uani ambaye bila shaka ameshaijua barua hii kabla hujamaliza kuisoma. Jaffari anakusalimu. Mama mkwe wangu anasema anataka kumjua mtu aliyenifundisha kupiga kelele kuhusu visu.

Ijumaa baada ya swala nitakupigia. Rehema ndiye atakayeshika simu, nimeshamwahidi. Friji linafanya kazi, mtoto ni mzima, umeme upo, na mimi sina ninalotaka nifundishwe. Huku hakuna kilichoharibika, Salimu. Pokea.

Dada yako aliyeshika skrubu wewe ukishika tochi,
Mwanaidi